Chatu Anapokataa Chakula Kipya

Katika nyumba za Juba nyoka aghalabu hukutana na fimbo kabla hajakutana na mlezi, na hilo halishangazi, kwani bafe na swila wapo na madhara yao yajulikana. Hata hivyo yupo mmoja asiye na sumu, mpole kiasi kwamba anapotishwa hujikunja mithili ya mpira na kuficha kichwa katikati. Huyo ni chatu mdogo ambaye wataalamu humwita Python regius. Makazi yake ya asili yaanzia Senegal na kufika Sudan Kusini na kaskazini-magharibi ya Uganda, na ni nadra kuzidi urefu wa mita moja na nusu. Asichanganywe na chatu mkubwa wa Afrika, ambaye huweza kupita mita nne na hastahili kukaa nyumba moja na mtoto.

Taabu ya kumfuga huanza chakula kinapobadilishwa. Majuma ya kwanza watoto humletea panya waliotegwa ghalani, naye huwala bila ajizi. Kisha panya hupungua, na badala yao hununuliwa kifaranga sokoni. Chatu hukitolea ulimi mara mbili tatu, hugeuza kichwa na kurudi pembeni mwa kasha. Juma hupita, la pili na la tatu. Hapo nyumba hugawanyika: mmoja hudai nyoka ni mgonjwa, mwingine kwamba ana kiburi, na wa tatu, ambaye ndiye wa kuogopwa, hushauri afumbuliwe kinywa alishwe kwa nguvu.

Kiburi hakimo, na mara nyingi hata ugonjwa haumo. Chatu hutambua mlo kwa harufu na joto. Ulimi huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilichomo katika kaakaa, na vishimo vya mdomoni huhisi joto la mnyama gizani. Kitu kisicho na harufu aliyoizoea si chakula kwake, kiwe kinono namna gani. Jambo hilo limewahangaisha walezi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Chatu waliosafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin waliwekewa panya weupe wa maabara, wakakaa miezi bila kuonja. Walipopewa panya wa nyikani wanaofanana na wale wa kwao, wengi walikamata papo hapo. Askari aliyehamishwa kutoka kambi ya ugali kwenda kambi ya wali atawaelewa, ingawa yeye hana ruhusa ya kugoma miezi mitatu.

Hata porini mlo hubadilika, lakini polepole. Uchunguzi uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa chatu hao wakiwa chini ya sentimita 70 hula zaidi ndege, na wakipita mita moja hula zaidi panya na wanyama wadogo. Kwa hiyo kifaranga si sumu kwa chatu. Kosa ni kumletea ghafla.

Dawa ya kwanza ni mizani. Chatu mzima mwenye afya huweza kufunga miezi kadhaa bila kudhurika, na jike akishalalia mayai yake hukaa yapata miezi miwili bila kula. Maadamu uzito haujapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, subira yatosha. Mtoto wa chatu hana akiba hiyo, naye asingojewe muda mrefu.

Kisha litazamwe joto. Juba ni mji wa joto, lakini kasha lililowekwa juu ya sakafu ya saruji chini ya feni huweza kuwa baridi, na nyoka aliyepoa hasagi chakula. Upande mmoja wa kasha uwe na nyuzi 31 hivi, mwingine 26, pawe na pango la kujificha na bakuli la maji. Asishikwe-shikwe, na asipewe chakula macho yake yanapokuwa na ukungu wa kujivua gamba.

Hapo ndipo hila ya harufu huja. Kifaranga aliyekwisha kufa husuguliwa kwa manyoya ya panya, hupashwa moto mpaka awe na joto la kiumbe hai, kisha huwekwa mlangoni mwa pango usiku. Akikataliwa, aondolewe asubuhi na pasijaribiwe tena mpaka juma lipite. Panya hai asiachwe humo usiku kucha, maana humtafuna nyoka asiye na njaa. Panya aliyekufa kwa sumu ya ghalani asitumike kabisa. Maziwa nayo si mlo wake, ijapokuwa baadhi ya koo za Wadinka humtengea nyoka maziwa kwa heshima; hiyo ni ibada, si lishe.

Kila aliyegusa nyoka au kasha anawe kwa sabuni, kwa kuwa nyoka huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimguse.

Povu mdomoni, kuhema kwa kinywa wazi au uti wa mgongo kuchomoza ni mambo ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Asipokuwa na dalili hizo, na bado akakataa kila kitu, arudishwe jioni pale pale alipookotwa, penye vichuguu na mashimo ya panya.