Sijuti Kuacha Chuo, Najuta Vile Niliacha

Wasee, kama umewahi kupanda matatu ya kuja Malili, unawajua madere wa aina mbili. Wa kwanza anakanyaga mafuta hadi mwisho, akiona matuta anakanyaga breki hadi mwisho. Wa pili anaanza pole, anachanganya katikati, anaachilia mapema. Wote wanafika. Lakini kwa yule wa kwanza, mayai ya mama wa kiti cha nyuma hayafiki.

Hii kitu ina hesabu yake. Miaka ya 1950 huko Umoja wa Kisovieti, Lev Pontryagin, mwanahesabu aliyepofuka akiwa na miaka 14, alitafuta na wenzake njia bora ya kuhamisha mtambo kutoka hali moja hadi nyingine. Ukihesabu muda peke yake, mara nyingi jibu ni dere wa kwanza: mafuta yote, halafu breki yote. Ukihesabu pia mshtuko, jibu linabadilika. Unaanza taratibu, mwendo unakolea katikati, unamaliza taratibu. Mwaka 1985 Tamar Flash na Neville Hogan walionyesha kwamba hata mkono wa mtu husogea hivyo ukienda kufikia kitu. Yaani mwili wako unajua tayari.

Mimi niliacha chuo kama dere wa kwanza. Jumatatu niko darasani, mwaka wa pili. Ijumaa nimeposti video ya kwaheri, nimerudisha funguo za hosteli, na kwa simu nina shilingi mia nne. Nikaita hiyo ujasiri. Mwaitu alijua kupitia kwa jirani aliyeona video. Miezi mitatu baadaye nikarudi nyumbani Malili na begi moja. Hakuniuliza kitu. Aliniwekea tu chakula. Hapo ndipo iliniuma.

Na ningeweza kuahirisha muhula mmoja. Ningehariri video za watu wikendi, nitafute kodi ya miezi mitatu, nimwambie mwaitu kabla sijaambia mtandao. Ningefika hapa hapa nilipo leo, bila kuvunja mayai ya mtu.

Najua kuna mtu atasema hii ni lugha ya waoga: si hata Konza wanaenda pole pole, na mji uko wapi? Hapo tuelewane. Ulaini si upolepole. Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili mwaka 2009, Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013, na majirani wakawekewa ukanda wa kilomita 10 wenye masharti ya kujenga. Ukiwa na kaploti ndani ya ukanda huo, huwezi kuita hiyo mwendo laini. Hiyo ni klachi iliyokanyagwa miaka mingi na gia haijaingia: injini inanguruma, abiria wamekaa, gari haliendi. Kusubiri bila mpango kunaumiza kama kuruka bila mpango.

Kwa hivyo ukitaka kuacha chuo, kazi au hata mtu, acha. Siwezi kukuzuia, mimi mwenyewe niliacha. Lakini safari ya katikati pia ni maisha, ipange. Na kabla hujakanyaga chochote, geuka kidogo uangalie ni nani amekaa nyuma, na amebeba nini.