Kipimo cha mkojo kianzie zahanati

Mgonjwa anapofikishwa hospitali ya rufaa mkojo umekata, uso umevimba na pumzi zinampaa, ndugu husema aliugua ghafla. Figo zimefeli ghafla, ni kweli. Lakini wapo ambao maambukizi yalikwishapanda kutoka kwenye kibofu siku nyingi kabla, bila homa wala maumivu ya ubavu, hasa wazee, wenye kisukari na wale ambao njia ya mkojo imezibwa na jiwe au tezi dume.

Mashine za kusafisha damu zinahitajika, na upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017 ulistahili kugharamiwa. Aliyekwisha kupoteza figo hawezi kuambiwa asubiri mipango ya kinga. Hata hivyo, serikali inayolipia mwisho wa ugonjwa na kuuacha mwanzo wake bila kijiti cha kupimia mkojo imepanga wajibu wake kinyumenyume. Figo iliyofelishwa na maambukizi yaweza kurudia kazi yake iwapo yatagunduliwa mapema na kizuizi kikaondolewa. Ikicheleweshwa hubaki na makovu, na familia huuza shamba kulipia usafishaji damu wa kila wiki.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, imegeuka jina la kila uchovu na kila maumivu ya kiuno. Antibiotiki zinanunuliwa dukani bila cheti, na usugu wa vimelea unaongezeka. Mzee asiye na dalili yoyote hapaswi kumezeshwa dawa kwa kuwa tu bakteria wameonekana kwenye mkojo wake. Mjamzito ni tofauti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka atibiwe kwa siku 7 hata kama hajisikii vibaya. Kumtenganisha anayehitaji dawa na asiyeihitaji hakuwezekani kwa kubahatisha, na ndiyo maana hoja ya usugu, tukiipima vema, inadai maabara zaidi. Mzee aliyeacha kula na kuchanganyikiwa, au mwenye kisukari ambaye sukari imepanda bila sababu, apimwe mkojo, na damu yake ipimwe kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, siku hiyohiyo, na asichomwe diklofenaki kwanza, kwani dawa hiyo huzidi kuziumiza figo zilizoelemewa.

Sera ni ya Wizara ya Afya, zahanati ni za halmashauri chini ya TAMISEMI, vifaa hutoka Bohari ya Dawa. Mgawanyo huu una mantiki yake kiutawala, lakini umempa kila mmoja mahali pa kujificha, na hatuoni sababu ya mgonjwa kulipia mwanya huo kwa figo zake.

Kila mkurugenzi wa halmashauri aeleze hadharani, kila robo mwaka, ni zahanati zipi hazina vijiti vya mkojo na kwa nini. Wizara nayo iagize kwamba mgonjwa ambaye UTI imemrudia asiandikiwe dawa nyingine kabla mkojo wake haujachukuliwa kwenda maabara kuoteshwa vimelea. Makohozi ya kifua kikuu yanasafirishwa kutoka vijijini hadi maabara kubwa. Mkojo, ukitunzwa kwenye baridi, unaweza kupelekwa kwa usafiri huohuo, na bajeti ijayo ionyeshe fungu lake.