Usiuze Mtamba kwa Ajili ya Stika

Naanza na dai langu waziwazi, ili asiyekubaliana nami ajue mapema pa kunishika. Mwanafunzi wa chuo anayenunua kompyuta mpakato ya bei ya kati kwa sababu tu ina kadi ndogo ya grafiksi ya gigabaiti 2, ameuziwa stika. Na anayemwambia kwamba kompyuta isiyo na kadi hiyo "si kompyuta" anampotosha, awe muuzaji dukani au mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa tatu.

Nasema kwa ukali kwa sababu nami nilipotoshwa, na aliyelipa gharama hakuwa mimi. Kwetu ni Bweyeye, sekta ya wilaya ya Rusizi iliyoko ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, jirani na mpaka wa Burundi. Nilipopata nafasi ya chuo, mama aliuza mtamba. Tulikuwa na ng'ombe mmoja na mtamba wake huyo, na ndiye tuliyemtegemea kwa maziwa ya miaka iliyofuata. Tuliondoka alfajiri, tukaukata msitu hadi barabara kuu, na mchana tukawa Kamembe. Muuzaji alizungumza nasi Kiswahili, kama wengi wa pale wanaofanya biashara na watu wa Bukavu.

"Mama, hii nyingine ni ya kuandikia barua tu," alisema. "Kijana anaenda chuo kikuu. Mchukulie hii yenye grafiksi. Ina gigabaiti nne, na mbili za grafiksi, jumla sita."

Mama akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu, "Ndiyo, mama," wala sikujua chochote. Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili ilikuwa faranga 150,000. Mama akazihesabu mara mbili, akalipa.

Muhula wote wa kwanza nilikuwa nikifungua insha moja na kurasa tatu za intaneti, kompyuta inaganda, feni inavuma kama upepo wa bondeni. Nilidhani ni virusi. Muhula wa pili fundi mmoja alinifungulia dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta, akaniambia nisome mwenyewe. Ramu ilikuwa imejaa asilimia 92. Diski ilikuwa imeelemewa kwa asilimia 100. Kadi ya grafiksi ilikuwa asilimia 0. Mtamba wetu alikuwa amelala humo ndani miezi sita, bila kufanya kazi hata ya dakika moja.

Sasa tuulize: kitu hiki ni nini hasa, na kwa nini kinauzwa kwa maneno makubwa hivyo?

Kila kompyuta inahitaji chipu ya kuchora kile tunachokiona kwenye skrini. Kuna njia mbili za kuiweka. Ya kwanza ni grafiksi ya ndani: sehemu ya kuchora imejengwa pamoja na kichakataji kikuu, nayo haina kumbukumbu yake yenyewe, bali inaazima sehemu ya ramu ya kompyuta. Ya pili ni kadi ya grafiksi: chipu ya pekee yenye kumbukumbu yake, feni au mabomba yake ya kupoza, na mahitaji yake ya umeme. Zamani tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na grafiksi ya ndani ilistahili kuchekwa. Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 2011 Intel ilitoa vichakataji ambavyo grafiksi yake imo katika kipande kilekile cha silikoni, na tangu hapo nguvu zake zimeendelea kuongezeka. Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta zenye chipu ya M1, ambamo grafiksi na kichakataji vinatumia kumbukumbu moja, bila kadi ya pembeni. Sijasikia mtu akisema hizo si kompyuta.

Muuzaji wangu alikosea, au alidanganya, katika hesabu yake ya kwanza kabisa. Nne na mbili hazikuwa sita. Gigabaiti 2 za kadi ni ghala la kadi peke yake. Ukifungua insha yako haziwezi kukusaidia kuihifadhi. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba nyumba ina vyumba sita, kumbe viwili ni vya jirani.

Hesabu ya pili inahitaji uvumilivu kidogo, lakini ndiyo kiini cha ubishi wangu. Kasi ya grafiksi hutegemea sana upana wa njia inayoipelekea data kutoka kwenye kumbukumbu. Fikiria kaya mbili zinazochota maji kwenye bomba moja. Hizo ni kichakataji na grafiksi ya ndani, na bomba ni ramu. Kijiti kimoja cha ramu ya DDR4 hufanya uhamisho milioni 3,200 kwa sekunde, kila mmoja wa baiti 8. Zidisha: ni gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Ukiweka vijiti viwili vinavyofanya kazi pamoja, bomba linakuwa mara mbili, gigabaiti 51.2. Sasa tazama kadi ndogo ya bei nafuu. Njia yake ni ya biti 64. Ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 ya gigabiti 6 kwa sekunde, inapata gigabaiti 48. Tena hiyo ndiyo iliyo bora. Kuna zilizouzwa zikiwa na kumbukumbu ya DDR3, kama GeForce 940M, ambazo hupata kama gigabaiti 14 hadi 16 tu. Yaani ziko chini ya kijiti kimoja cha ramu ya kawaida!

Utaniambia kwamba kadi haigawani bomba lake na mtu. Ni kweli, nakubali. Lakini tofauti hiyo si ya kuuzia mtamba. Na duka lile lile linalokusifia kadi mara nyingi limekuwekea kijiti kimoja cha ramu, nafasi ya pili ikiwa tupu. Grafiksi ya ndani ya Intel iitwayo Iris Xe, iliyotoka mwaka 2020, ikiwekewa kijiti kimoja tu hujitambulisha kwa jina la ngazi ya chini, UHD, kwa sababu haina njia ya kutosha. Kwa hiyo mwanafunzi hujaribu mashine iliyofungwa mguu mmoja, akaiona inachechemea, kisha akaambiwa dawa ni kununua kadi. Dawa ni kuifungua mguu.

Kwa vijana wenzangu wanaodhani chochote cha "ndani" ni dhaifu, nina mfano mmoja. PlayStation 4, mashine iliyotoka mwaka 2013 na ambayo wengi wetu tumeicheza kwa kulipia kila mechi, ina kichakataji na grafiksi katika chipu moja, vikigawana gigabaiti 8 za kumbukumbu. Kwa lugha ya wauzaji wetu hiyo ni grafiksi ya ndani. Siri yake ni kwamba kumbukumbu hiyo ni GDDR5 yenye njia ya gigabaiti 176 kwa sekunde, na sanduku lake lina umeme na hewa ya kutosha. Kwa hiyo swali la "ndani au pembeni?" ni swali bovu. Swali zima ni: njia ina upana gani, umeme ni kiasi gani, joto linatokea wapi?

Na hapo kwenye umeme ndipo mtu wa Bweyeye ana la kusema kuliko mtu wa Kigali. Nyumbani kwetu mlimani tuna paneli ya jua inayotosha taa, redio na simu. Kompyuta naichaji senta, kwa kulipia. Kichakataji cha kawaida cha mpakato chenye grafiksi ya ndani kimeundwa kwa kiasi cha wati 15. Betri ya saa-wati 45 inaweza kukufikisha saa tatu hivi ukiandika na kusoma. Kadi ya RTX 3050 ya mpakato, peke yake, imepangiwa kati ya wati 35 na 80. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, betri hiyo hiyo haifiki saa moja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2010 kuna utaratibu wa kuizima kadi wakati haihitajiki. Vizuri. Lakini kama faida kubwa ya kadi yako ni kwamba inaweza kuzimwa, uliinunua ya nini?

Isitoshe, chipu ya pili ni kitu cha pili cha kuharibika. Julai 2008 NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa gharama za chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika. Wenye mashine hizo hawakuweza kuchomoa kadi na kuweka nyingine, maana katika mpakato nyingi imeunganishwa kwa risasi kwenye bodi. Ikifa, mara nyingi hufa na bodi nzima. Ramu, palipo na nafasi yake, unaibadilisha kwa bisibisi.

Wapo watakaoniambia, "Wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili, unajua nini kuhusu kazi za wahandisi?" Pingamizi hili ni la haki, na silikwepi. Anayesoma usanifu wa majengo na kutengeneza picha za pande tatu katika Blender, anayehariri filamu ndefu, anayefundisha modeli za akili mnemba kwa programu zilizoandikwa kwa ajili ya chipu za NVIDIA, huyo anahitaji kadi. Na kwake nasema: nunua, lakini usinunue ndogo. Tafuta yenye gigabaiti 4 au zaidi za GDDR6 na njia ya biti 128, ambayo inaweza kufika gigabaiti 192 kwa sekunde. Hapo pengo na grafiksi ya ndani ni la kweli, na fedha zako zimenunua kitu. Ubishi wangu hauhusu kadi kubwa yenye kazi. Unahusu kadi ndogo isiyo na kazi: haimtoshi mhandisi, na mwalimu haihitaji.

Wengine watasema kadi ni akiba ya siku za mbele. Hapana. Kadi ya gigabaiti 2 ndiyo itakayozeeka kwanza, kwa kuwa huwezi kuiongezea hata megabaiti moja. Na wengine, ambao nawaheshimu zaidi, watakiri kwamba wanataka kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Mchezo si dhambi. Ila mwambie mama ukweli kwamba mtamba anauzwa kwa ajili ya mchezo, umsikie atakujibu nini.

Lawama zangu za mwisho zinatuhusu sisi wenyewe, wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 2017 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda. Tumekitumia kwa insha na mijadala, lakini dukani, pale ambapo fedha za mzazi zinatoka mfukoni, tumeacha maneno yote magumu mikononi mwa muuzaji. Yeye anasema "grafiksi" kama mganga anayetaja jina la jini, nasi tunanyamaza. Mama yangu si mjinga. Anajua kukagua ng'ombe kwa meno, kwa kiwele na kwa mwendo. Angejua pia kukagua kompyuta kama mtu angempa maneno ya kuulizia.

Maneno hayo ni maswali manne tu. Ramu ni gigabaiti ngapi, ukiacha za kadi? Iko katika vijiti vingapi, na je, inaweza kuongezwa? Diski ni ya SSD au ni ile ya kuzunguka? Betri inadumu saa ngapi bila waya? Muuzaji anayejibu manne haya bila kukasirika, kaa naye mzungumze bei. Anayerudi kwenye stika, muage.

Mimi nilitibiwa na yule fundi. Aliniwekea kijiti cha pili cha gigabaiti 4 na diski ya SSD, vyote kwa faranga 60,000, chini ya nusu ya ile 150,000 tuliyoilipia kadi. Tangu siku hiyo mashine inafunguka kabla sijakaa vizuri. Kadi ingali humo, ingali asilimia 0.

Mdogo wangu anamaliza sekondari mwakani, naye atahitaji kompyuta. Ng'ombe wetu amezaa tena, ndama jike. Tutashuka Kamembe sote watatu, na safari hii sitajibu "ndiyo" kwa niaba ya mtu. Maswali yale manne nimemfundisha mama kwa Kiswahili, na amesema atayauliza mwenyewe.