Nililipa Kiingilio Nione Ngoma ya Nyumbani

Wasomaji wapenzi, juma hili mniwie radhi, maana sitanena habari za mbegu wala za bei ya mahindi. Nitawasimulia siku moja ya mwaka 2019, nilipokuwa mgeni mjini Nairobi, na swali nililoulizwa mezani usiku ule, ambalo hata leo halijanitoka moyoni.

Nalifika kwa basi kutoka Kakamega, nikapokewa na mpwa wangu, ambaye ni karani katika afisi moja ya katikati ya mji. Akaniambia, "Mjomba, kila ujapo huku warudi bila kuona kitu. Leo nitakutembeza kama watalii wanavyotembezwa." Basi yeye, mimi na mwanawe wa miaka tisa tukapanda matatu, tukaishika Barabara ya Lang'ata. Tukaupita uwanja wa ndege wa Wilson, kisha Bustani ya Uhuru, mahali bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, mpaka tukafika Bomas of Kenya.

Mahali hapo palianzishwa na Serikali mwaka 1971, ili mila za makabila zitunzwe na wageni wapate kuziona. Jina lake ni neno letu "boma", lililotiwa herufi ya Kiingereza mwishoni. Wengi wenu mwapajua kwa mambo mengine: hapo ndipo wajumbe walipojadili katiba mwaka 2003 na 2004, na ndipo kura za urais zilipojumlishwa mwaka 2013 na 2017, na tena mwaka 2022. Siku ile sisi tulikwenda kwa ajili ya ngoma. Mpwa wangu akanunua tikiti, tukaketi katika ukumbi wa mviringo ambao viti vyake vimeuzunguka uwanja wa kuchezea.

Wakaja wachezaji na ngoma za pwani, wakafuata na za Ukambani, na nyingine nyingi, wakibadili mavazi kila mara. Mara nikasikia mlio nilioujua kabla sijawaona wapigaji. Ilikuwa isukuti, ngoma yetu Waisukha na Waidakho! Ngoma zake ni tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, nasi husema ni baba, mama na mtoto. Pembe ikalia, njuga zikajibu, nami nikajikuta nimesimama, mabega yakitikisika peke yake.

Mtoto akanishika mkono akauliza, "Babu, hawa ni watu wa wapi?" Nikajibu kwa fahari, "Hawa ni watu wa kwetu, mwanangu." Baada ya mchezo nikamwendea kijana aliyepiga ile ngoma kubwa, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani. Akainama kwa adabu akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee. Mimi natoka Machakos. Hii nimejifunza hapa hapa kazini." Nikamshika mkono nikamshukuru, kwa kuwa alikuwa ameipiga vizuri, tena bila kukosea.

Jioni tukarudi njia ile ile tuliyoijia, tukaingia Carnivore, hoteli ya nyama iliyofunguliwa mwaka 1980. Pale nyama huokwa juu ya makaa katika jiko kubwa, ikiwa imechomwa kwenye simi za Kimasai, na wahudumu hupita nazo mezani wakikata vipande. Zamani waliuza hata nyama ya pori, mpaka Serikali ilipoikataza biashara hiyo mwaka 2004. Mezani husimama bendera ndogo. Maadamu imesimama, nyama huletwa bila kukoma, na mtu akishindwa huilaza, kama jeshi lililosalimu amri. Kinywaji chao mashuhuri huitwa "dawa", nacho ni pombe kali, ndimu na asali, mgonjwa asidanganyike.

Meza ya jirani aliketi Mzungu mmoja mzee na mkewe, ambao tulikuwa pamoja nao kule Bomas. Aliniona niliposimama. Akaniuliza maana ya zile ngoma tatu, nikamweleza. Akauliza huchezwa lini, nikamwambia kwamba huchezwa mtoto azaliwapo, katika jando, arusini na hata matangani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniuliza kwa upole, "Na wewe, mara ya mwisho uliicheza lini?"

Nikahesabu kimya kimya. Ilikuwa arusi ya ndugu yangu, mwaka 1979. Arusi za wanangu mwenyewe tulikodi mashine ya muziki. Sikumjibu. Nikailaza bendera, ingawa tumbo halikuwa limejaa.

Ndugu zangu, mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa upesi, kwa kuwa wengi wa wanaoijua ni wazee, na warithi ni haba. Wako watu walaumuo wanaocheza mbele ya watalii, wakisema wameuza mila. Mimi siwezi kusema hivyo. Yule kijana wa Machakos alijifunza kitu ambacho wanangu hawakujifunza, na kosa hilo si lake. Lakini ngoma ya ukumbini ni kama picha ya ng'ombe, maana yapendeza ukutani, ila haikamwi. Ukumbini haazaliwi mtoto, wala hazikwi mzee.

Niliporudi nyumbani nilimwendea mzee mmoja jirani yetu, ambaye ngoma zake zilikuwa zimetundikwa darini, zikiliwa na mchwa. Tukaziwamba upya kwa ngozi. Likizo ya Desemba mjukuu wangu akaja kutoka Nairobi, naye akapewa ile ndogo, ngoma ya mtoto. Alikosea sana siku ya kwanza, na majirani wakacheka. Siku ya tatu walikuwa wakicheza.

Nanyi je, mwaka huu mna arusi? Kabla hamjakodi mashine, ulizeni kwanza ngoma za babu ziko wapi. Mwacha mila ni mtumwa.