Anayewajengea Wenzake Maabara

Kuna lawama inayorudiwa kila mara mwanasayansi anapoitwa kuongoza chuo kikuu au taasisi ya utafiti: tumempoteza. Aliyekuwa akichungulia hadubini sasa atashinda kwenye vikao vya bajeti, na vimelea alivyovifuatilia ujana wake wote vitabaki bila mwenyewe. Tunafungua toleo hili kwa kuipinga lawama hiyo. Tunaipinga tukiwa hapa Eastlands, Nairobi, kati ya Kaloleni na Kayole, kwa sababu hapa ndipo tunapoishi na hasara ya kuwakosa watu wa aina hiyo.

Chukua maisha ya Thomas Risley Odhiambo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1965 chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu wa zama zake. Alirudi Nairobi kufundisha. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, akisisitiza kwamba Afrika inahitaji vituo vyake yenyewe vya utafiti wa kiwango cha juu, vinavyoendeshwa na watu wake. Makala hiyo ilimvutia mkemia Carl Djerassi, na miaka mitatu baadaye, 1970, ikazaliwa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu. Ilianzia katika vyumba vya kuazima vya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Chiromo. Leo makao yake ni Kasarani. Ukitoka Kariobangi, unapanda matatu ya Outering, unashika Thika Road, na hujakaa sana kabla ya kufika. Ni wangapi kati yetu wamewahi kupita lango lile?

Mdudu aliyemshughulisha sana Odhiambo ni mbung'o, na anastahili tumtazame kwa karibu. Mbung'o jike hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha kwa maziwa ya tezi yake, na baada ya siku kama tisa humzaa akiwa na ukubwa unaokaribia wa mama mwenyewe. Buu hujichimbia udongoni papo hapo. Mdudu anayezaa polepole namna hiyo anaweza kupunguzwa bila kunyunyizia nchi nzima sumu, mradi ujue rangi na harufu zinazomvuta. Ndiyo maana ICIPE ilikaa na Wamaasai wa Nguruman ikabuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, chambo chake mkojo wa ng'ombe na asetoni, vitu ambavyo mfugaji anaweza kushona na kutia mwenyewe.

Utafiti kama huo hauendi kwa hadubini peke yake. Unataka gari la kufika Nguruman, mshahara wa fundi wa maabara, umeme usiokatika ndani ya chumba cha kufugia mbung'o, na mtu wa kupigia wafadhili magoti mwaka baada ya mwaka. Odhiambo, akiwa mkurugenzi wa ICIPE, aliibeba kazi hiyo hadi 1994. Wakati huohuo alikuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na katikati ya miaka ya 1980 akawa rais mwanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika. Alifariki mwaka 2003. Wanaosema alipotelea kwenye uongozi wanahesabu makala ambazo hakuziandika. Sisi tunaomba wahesabu watu.

Mwaka 1983 ICIPE na vyuo vikuu kadhaa vya Afrika vilianzisha ARPPIS, mpango wa kufundisha wanasayansi wa wadudu hadi uzamifu. Mpangilio wake ni wa akili sana: mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha Kiafrika, lakini utafiti wenyewe huufanya katika maabara za ICIPE, ambako vifaa vipo. Hivyo shahada inabaki Afrika na swali la utafiti linabaki Afrika. Kwa maoni yetu huu ndio uvumbuzi mkubwa zaidi wa Odhiambo, kuliko lolote aliloliandika kuhusu mbung'o.

Profesa Mabel Imbuga naye ni mtu wa njia hiyo. Ni mwanabiokemia, na swali alilolifanyia kazi yeye na wenzake huko ICIPE ni hili: mbung'o akishanyonya damu yenye tripanosoma, kimelea cha malale, nini kinaamua kama kimelea hicho kitakomaa? Ili kimdhuru binadamu lazima kibadilike ndani ya utumbo wa mbung'o kisha kisafiri hadi kwenye tezi za mate, safari ya wiki kadhaa, na katika mbung'o wengi hufia njiani. Imbuga alichunguza protini za utumbo zinazohusika na mabadiliko hayo. Baadaye, kuanzia 2008 hadi 2018, alikuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, na katika kipindi chake chuo hicho kikawa mwenyeji wa taasisi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima.

Wanijeria wana mfano wao, na ni mfano mzuri mno. Profesa Ekanem Braide, mtaalamu wa vimelea, alikuwa katika vita vya kutokomeza mnyoo wa Guinea nchini mwake. Aliongoza Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Cross River, kisha akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Lafia, na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Akademia ya Sayansi ya Nijeria. Nchi yake ilithibitishwa kuwa haina mnyoo huo mwaka 2013. Kenya ilithibitishwa 2018. Na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ushindi huo una mikono mingi, ya madaktari wa mifugo, ya KETRI, taasisi ya utafiti wa tripanosoma pale Muguga, ya wapimaji wa vijijini. Hakuna hata mmoja wao aliyejifundisha kazi hiyo peke yake barazani kwake.

Sasa tuje nyumbani. Sayansi ya vimelea ya Kenya imekaa vijijini kwa muda mrefu, na kwa sababu za haki. Mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni, ulioanza kwa upana 2012, ulielekezwa hasa Magharibi, Nyanza na Pwani, ambako mzigo ni mzito. Nairobi iko juu, ina baridi, na mgonjwa wa malaria anayefika kliniki ya hapa huulizwa kwanza kama ametoka safari. Mazoea hayo yanatutia wasiwasi. Mwaka 2023 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilitangaza kwamba imempata Anopheles stephensi Marsabit. Mbu huyu wa malaria alitoka Asia, akaonekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na hupenda miji, kwa sababu huzaa kwenye maji safi yaliyohifadhiwa. Mabasi ya Moyale na Marsabit hushusha abiria Eastleigh kila siku.

Na ni nani anayehifadhi maji kama sisi? Mgao wa maji umetufundisha. Panda juu ya gorofa yoyote ya Umoja uone matangi meusi yamepangana, mengine bila kifuniko. Pita kwenye korido ya ploti ya Dandora uone mapipa ya buluu na mitungi ya manjano mlangoni kwa kila mpangaji. Kea-teka, mtunza jengo, mwenye tochi anaweza kuanza uchunguzi leo: mabuu ya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, ya mbu wa mitaro huning'inia kichwa chini. Lakini akiyaona yaliyolala, atayapeleka wapi? Nani atayapima na kusema ni ya aina gani?

Hapo ndipo tunapowahitaji kina Odhiambo na Imbuga wa wakati huu, wenye elimu ya kimelea na ofisi yenye muhuri. Vyuo vikuu vyetu hupeleka wanafunzi wa uzamili Busia na Kwale. Vipeleke baadhi yao Kayole, Mathare na Makadara kwa mwaka mzima, wakiwa na meza katika vituo vya afya vya kaunti na msimamizi anayewatembelea. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanajua kila mlango, wafundishwe kuchota mabuu na kuyatia chupani. Majibu yasomwe hadharani katika maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, kwa Kiswahili, wenye ploti wakiwapo. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kuandika mkataba wa namna hiyo na kaunti, wala kea-teka hawezi. Unataka sahihi ya Naibu Chansela, na fedha zake zitengwe kwenye bajeti ya mwaka huu.