Mtindo, Mwalimu na Mashine: Hatima ya Mchoraji wa Bagamoyo

Katika mjadala kuhusu akili mnemba na sanaa ya uchoraji, aghalabu hudaiwa kwamba mashine huiga ilhali msanii hubuni. Dai hilo halina nguvu likipimwa kwa picha zinazouzwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nyingi kati ya hizo ni za mtindo wa Tingatinga, nao ulienea kwa kuigwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya silingibodi. Alipofariki mwaka 1972, jamaa na wanafunzi wake waliendelea kuchora chui na ndege kwa namna aliyowafundisha, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Tofauti, basi, haimo katika kuiga, bali katika masharti ya kuiga. Mwanafunzi aliketi kando ya fundi, akamsaidia kazi, akajulikana ni mwanafunzi wa nani. Kinyume chake, programu zilizoenea tangu mwaka 2022 zimefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizokusanywa kutoka kwenye intaneti. Mtu huandika sentensi moja, akapata chui wa Tingatinga kwa sekunde chache. Mchoraji ambaye kazi yake ilitumika kuifunza mashine hatajwi wala halipwi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi mahususi ya msanii katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, mtindo haulindwi. Ndivyo inavyopasa kuwa. Lau mtindo ungekuwa mali ya mtu mmoja, wanafunzi wa Tingatinga wasingeweza kuchora. Kinachostahili kudaiwa ni idhini na malipo pale picha zinapotumika kuifunza mashine.

Hata hivyo, hakuna awezaye kudai malipo ya kazi isiyojulikana ni ya nani. Hapana budi Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, iwafunze wachoraji matumizi ya kompyuta pamoja na kuhifadhi kumbukumbu za kila picha: jina la mchoraji, mwalimu wake na mwaka. Pasipo nasaba hiyo, picha ya mkono itashindana na ya mashine kwa bei peke yake, na katika shindano hilo mchoraji hawezi kushinda.