Polisi Hawamshiki Mtu Bure

Nimetazama sehemu mbili tu za The Wire kati ya 60, na tayari nimegombana na watu wawili. Mwenzangu wa chumba, aliyenijazia sizoni zote tano kwenye flashi, ananiambia nivumilie, eti kuanzia sehemu ya nne itachangamka. Rafiki yetu mwingine aliiacha dakika ya ishirini. Anasema haina steringi, hujui umshangilie nani. Mmoja anaiombea radhi na mwingine ameikimbia, lakini wote wanakubaliana kwamba sizoni ya polisi lazima iende mbio, na isipokwenda mbio ina kasoro.

Mimi napinga. Kasoro iko kwetu watazamaji, na tumeipata kwenye zile sizoni zinazokwenda mbio. Wala sihitaji kumaliza sehemu 58 zilizobaki ndipo niseme hivyo.

Kwa ambaye hajaiona: The Wire ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2002 kupitia HBO, na inahusu polisi na biashara ya dawa za kulevya katika jiji la Baltimore. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu katika gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake, Ed Burns, alikuwa polisi wa jiji hilohilo kwa miaka 20. Jina lake linatokana na waya wa kunasia simu, lakini mpaka sehemu ya pili inakwisha hakuna hata simu moja iliyonaswa. Kuna wakubwa wanaotupiana lawama, ripoti zinazopigwa kwa taipureta, na kikosi cha askari ambao baadhi yao walipelekwa pale kwa kuwa wakubwa wao hawakuwataka.

Katika sehemu ya kwanza kijana D'Angelo Barksdale yuko mahakamani kwa kesi ya mauaji. Shahidi mmoja anageuza maneno yake kizimbani. Wa pili, William Gant, mfanyakazi wa kawaida tu, anamnyooshea kidole bila kusita. D'Angelo anaachiwa huru hata hivyo. Sehemu inakwisha Gant akiwa amelala chini, amepigwa risasi, na D'Angelo amesimama kati ya watu waliokuja kutazama. Anapoutambua mwili, uso wake unabadilika. Ni uso wa mtu aliyeshtuka.

Katika sehemu ya pili wapelelezi wawili, McNulty na Bunk, wanamkalisha D'Angelo kwenye chumba cha mahojiano. Wanamwonyesha picha ya watoto, wanamwambia hawa ndio yatima wa Gant. Watoto wenyewe ni wa Bunk. D'Angelo analainika. Wanampa karatasi na kalamu, naye anaanza kuandika barua ya kuiomba radhi familia ya marehemu. Ndipo wakili wake anaingia na kumkatiza.

Nilisonya. Nilisonya peke yangu chumbani, saa sita usiku, nikimlaani wakili kwa kuwahi. Angechelewa dakika tano tu, barua ingekamilika.

Kisha nikasimamisha video. Ingekamilika ili iweje? Nilikuwa nimemwona kijana yule akishtuka mbele ya maiti. Nilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hakuagiza Gant auawe. Na bado nilitaka aandike.

Hamu hiyo naifahamu, kwa sababu niliwahi kuwa nayo kwa mtu wa nyumbani kwetu.

Nilikuwa kidato cha sita. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa fundi simu, na meza yake aliiweka mbele ya duka la mtu. Siku moja simu ya wizi ilikutwa kwake, akachukuliwa. Alikaa mahabusu siku nne. Mama alikuwa anajitanda khanga aende kituoni, nami nikamwambia, kwa uhakika wa mtu aliyesomea mambo hayo, "Mama, polisi hawamshiki mtu bure. Lazima wana ushahidi."

Mama aliniangalia. "Hao polisi unaowajua wewe," akasema, "umewajulia wapi?"

Sikumjibu, maana jibu lilikuwa la aibu. Sikuwahi kukanyaga kituo cha polisi maishani mwangu. Polisi wangu walitoka kwenye 24, tuliyoitazama likizo nzima sebuleni kwa jirani.

Mnaikumbuka. Ilianza 2001. Sizoni moja ni siku moja, kila sehemu ni saa moja, na tarakimu za saa zinagonga sekunde baada ya sekunde. Bomu liko karibu kulipuka, Jack Bauer hana muda wa wakili wala kibali cha mahakama. Anamtesa mtu, na mara nyingi mtu huyo anasema kweli, tena kabla muda haujakwisha. Uongo uko hapo. Mwandishi wa hadithi anajua nani ana hatia kabla ngumi ya kwanza haijatua, kwa sababu ni yeye aliyemtia hatiani. Kituoni hakuna mtu mwenye ujuzi huo. Kuna askari aliyechoka, mlalamikaji anayepiga kelele, na fundi simu.

Mtaniambia ni burudani tu, nani asiyejua tofauti ya filamu na maisha. Novemba 2006, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma katika chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri mpaka California kuonana na watengenezaji wa 24. Alikwenda kuwalalamikia kwamba tamthilia yao inamharibia wanafunzi: anapata taabu kuwafundisha maofisa watarajiwa kwamba kutesa watu ni kosa, wakati kwenye televisheni wanaona kunafanya kazi. Hao ni watu wanaofundishwa sheria za vita darasani. Sembuse mimi na kombi yangu ya HGL.

Tena sikuwa mjinga wa sheria. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, na inakataza mtu kuteswa. Hayo niliyasoma shuleni na kwenye mtihani ningeyajibu vizuri. Yaliniponyoka pale yalipohitajika, wakati mama anatafuta viatu mlangoni.

Siku ya nne mama mdogo alipeleka daftari kituoni. Kaka huandika kila simu inayoingia: tarehe, jina la aliyeileta, namba yake, ubovu. Simu ile ilikuwamo, imeandikwa siku mbili kabla, kioo kimepasuka. Aliyeileta alipatikana jioni hiyohiyo. Lakini kaka alikuwa ameshatia saini na dole gumba kwenye maelezo kwamba aliiba yeye, na miguu yake haikuingia tena kwenye viatu alivyokwenda navyo. Siku zote nne daftari lilikuwa mezani, chini ya makava ya simu. Polisi hawakulifungua. Mimi, niliyeliona mara mia, sikulifikiria hata mara moja.

Aliporudi nilimuuliza, nikidhani ni swali la kawaida, "Lakini kaka, kweli hukuichukua?" Alinyanyuka akaenda kuoga.

Sisemi Jack Bauer ndiye aliyempiga. Virungu vilikuwapo kabla ya televisheni. Ila kirungu peke yake hakitoshi. Kinahitaji pia watu nyumbani, kwenye daladala na vijiweni, wanaoamini kwamba anayepigwa lazima ana kitu cha kusema. Watu hao ni sisi, na sizoni zilitufundisha kazi hiyo huku tukitafuna bisi.

Ndiyo maana naitetea The Wire na mwendo wake wa taratibu. Katika sehemu hiyohiyo ya pili, askari watatu waliokunywa pombe wanakwenda usiku kwenye maghorofa wanakoishi watu maskini, kuonyesha ubabe. Mmoja wao, Prez, anampiga kijana wa miaka 14 usoni kwa bastola. Kijana anapoteza jicho. Hakuna bomu linalosubiri, wala kijana hana siri yoyote ya kutoa. Kinachofuata ni Luteni Daniels, ambaye nilikuwa nimeanza kumpenda, akimfundisha Prez aseme nini: kwamba aliogopa, kwamba alijiona yuko hatarini. Unakaa pale unatazama maelezo yakitungwa, na unajua kwenye faili yatasomeka vizuri kabisa. Hakuna sehemu ya 24 iliyowahi kunionyesha maelezo yanavyopikwa. Ningeiona hiyo kidato cha sita, labda ningemjibu mama kitu kingine.

Kuna hoja moja ngumu na siikwepi. Gant alisema kweli mahakamani, akauawa. D'Angelo aliachiwa kwa sababu shahidi mwingine alibadili maneno. Mama wa aliyeuawa anaweza kukuambia kwamba taratibu hizi zote ni anasa ya wasiofiwa, nami sitambishia msibani. Lakini Gant hakufa kwa sababu wakili fulani aliwahi. Alifa kwa sababu alisema hadharani, akarudi nyumbani peke yake, na hakuna aliyepewa kazi ya kumlinda. Kumlinda shahidi ni kama kufungua daftari: inachosha, haina muziki wa kusisimua, na ndiyo inayorukwa kila siku. Kumpiga mtu mahabusu hakuzibi pengo hilo. Kunampa tu mwizi wa kweli muda wa kuuza simu nyingine.

Pengine sehemu ya kumi itaniudhi. Tayari naona kwamba watu wengi wa mitaa ile tunawatazama kwa macho ya polisi, na hilo nitaligombania nikifika huko. Kwa sasa ugomvi wangu ni na mtu anayezima video kwa sababu haijui nani wa kumshangilia. Kaa nayo hiyo hali ya kutojua. Aliyeko mahabusu anaihitaji kutoka kwako kuliko huruma yako.

Jana mwenzangu wa chumba ameniuliza tena kama imechangamka. Nimemwambia bado, na iendelee hivyohivyo.

Kaka bado ana meza yake. Radhi sijamwomba. Mwezi uliopita simu yangu iliingia maji nikampelekea. Tulisalimiana, akaniuliza habari za chuo, kisha akavuta daftari akaandika tarehe, jina langu kamili, namba, ubovu. Alinisomea alichoandika, akanigeuzia ukurasa nihakikishe mwenyewe.